Kahama Kitanda Saa Nane Usiku: Ana Kidumu, au Ni Homoni?

Jasho la usiku, hasira za ghafla, na unyumba umeingia kutu. Kabla hujaita kikao cha familia, soma hapa kwanza.

Saa nane usiku. Baba mwenye nyumba anapapasa upande wa pili wa kitanda, hola! Hakuna mtu. Shuka limelowa chapachapa, utadhani limetolewa kwenye beseni sasa hivi. Ananyata mpaka sebuleni, anamkuta mkewe kalala sakafuni na kanga moja tu, feni kaielekeza usoni.

"Vipi mama, mbona umenikimbia?"

"Niache bwana. Joto."

Joto? Mwezi wa saba huu, Dar es Salaam nzima inatafuta shuka la pili!

Na wala si mara ya kwanza. Huu ni mwezi wa nne mama anahama kitanda. Akiguswa bega, anautoa mkono. Akiulizwa kitu kidogo tu, kama funguo za gari ziko wapi, anafoka mpaka dada wa kazi anajificha jikoni. Baadaye anajifungia bafuni, analia. Baba kaenda kuwasimulia washikaji zake, nao bila kupoteza muda wakatoa hukumu: "Mzee, usijidanganye. Hapo kuna serengeti boy."

Mama naye ana kesi yake kichwani. "Siku hizi hata kuniangalia haniangalii. Nimezeeka. Lazima ana nyumba ndogo."

Nyumba hii hatuipi jina, kwa sababu ni nyumba nyingi. Mke ana miaka 47, mume ana 52. Mtoto mmoja yuko chuo, mwingine sekondari. Wamejenga, wamesomesha, wamevumilia mishahara ya kuchelewa na wageni wa kukaa miezi sita. Sasa baba kaita kikao cha familia Jumamosi, na moyoni keshaamua: mama akishindwa kujieleza, arudi kwao. Ndoa ya miaka 22 inataka kuvunjika kwa sababu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitaja kwa jina.

Jina lake ni kukoma hedhi. Au tuseme, safari ya kuelekea huko.

Kwani kukoma hedhi ni nini hasa?

Wengi wetu tunadhani ni jambo la siku moja. Leo unaona siku zako, kesho basi, kwisha habari. Sivyo hata kidogo.

Mwanamke anazaliwa na akiba ya mayai kwenye ovari zake, na akiba hiyo haiongezwi. Kadiri miaka inavyokwenda inapungua, na ovari nazo zinapunguza kutengeneza homoni mbili kubwa za kike, yaani estrojeni na projesteroni. Ikifika mahali mwanamke amemaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, na hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii dawa inayozuia hedhi, hapo ndipo daktari anasema amekoma hedhi. Kwa wanawake wengi hilo linatokea kati ya miaka 45 na 55.

Lakini vituko vinaanza mapema. Miaka kadhaa kabla ya hapo homoni zinapanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni. Mwezi huu siku zinakuja baada ya wiki tatu, mwezi ujao zinaruka kabisa, mwezi unaofuata damu inatoka kama bomba limepasuka. Mwanamke bado anaona siku zake, kwa hiyo hafikirii kabisa mambo ya kukoma hedhi. Ana miaka 44 au 46, anavaa viatu virefu, ana malengo kazini. "Kukoma hedhi si mambo ya bibi?" anajiuliza. Hapo ndipo watu wengi wanapotea njia.

Na kuna wanaofika mapema zaidi. Takriban mwanamke mmoja kati ya 100 anakoma hedhi kabla ya kufikisha miaka 40. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji anaingia humo mara moja, awe na umri wowote. Baadhi ya dawa za saratani zinaweza kuleta hali hiyo pia. Wavuta sigara nao huwa wanawatangulia wenzao kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo dada wa miaka 36 unayesoma huku unatingisha kichwa ukisema "haya hayanihusu", tulia usome.

Moto unatoka wapi?

Hili joto la ghafla si la kujifanya, wala si deko. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi. Pamoja na kazi nyingine, ndiyo inayopima joto la mwili, kama kile kidude cha kwenye friji kinachoamua sasa iwake au izime. Estrojeni inaisaidia kufanya kazi hiyo kwa utulivu. Estrojeni ikipungua, kuna seli za neva humo ndani zinazohamaki, na kipimo kinakuwa na wenge. Joto likipanda kidogo tu, labda kwa sababu ya kikombe cha chai, koti la suti au ugomvi wa foleni, ubongo unapiga king'ora: moto!

Mwili unatii. Mishipa ya damu ya kwenye ngozi inatanuka ili joto litoke. Kifua, shingo na uso vinawaka. Moyo unakwenda mbio. Jasho linamwagika. Kwa kawaida shughuli nzima inachukua dakika moja hadi tano, kisha mwili unagundua kwamba hakukuwa na moto wowote. Sasa umeshapoa kupita kiasi, mtu anaanza kutetemeka na kutafuta shuka alilolitupa sekunde chache zilizopita. Kuna wanaopata hali hii mara moja kwa wiki, na kuna wanaoipata mara kumi kwa siku.

Ikija usiku inaitwa jasho la usiku, na hii ndiyo inayovunja nyumba. Mtu anayeamshwa mara nne kila usiku kwa miezi minne hawezi kuwa na sauti ya asali asubuhi. Anasahau vitu, anakasirika haraka, ofisini anasoma barua moja mara tatu. Wewe jaribu kukaa na kichanga cha wiki mbili, halafu mtu akuulize funguo za gari ziko wapi!

Michelle Obama, mke wa rais wa zamani wa Marekani, alisimulia mwaka 2020 kwenye kipindi chake cha sauti jinsi joto hilo lilivyomvamia akiwa ndani ya helikopta ya rais, Marine One, kavaa na kupendeza, wanakwenda kwenye shughuli. Akaona haiwezekani. Na mumewe je? Alieleza kwamba kwenye timu yake walikuwepo wanawake wengine waliokuwa wakipitia hayo hayo, na alipojua kinachoendelea hakubabaika, shauri lake likawa tu kiyoyozi kiwashwe. Kama limemkuta mke wa rais angani, litamwacha vipi ofisa mikopo wa Kariakoo?

Si jasho peke yake

Hebu soma orodha hii taratibu, umfikirie mtu mmoja unayemfahamu.

Usingizi unakatika saa tisa usiku na haurudi. Moyo unadunda bila sababu. Hasira au machozi yanakuja bila kuitwa. Wasiwasi. Kusahau majina ya watu, au kuingia chumbani na kusimama: "Hivi nilifuata nini humu?" Viungo vinauma. Kichwa kinauma. Tumbo linaongezeka wakati chakula ni kile kile. Ngozi na nywele vinakauka. Mkojo unabana mara kwa mara, au UTI inapona na kurudi. Hamu ya tendo la ndoa inashuka. Na uke unakuwa mkavu, kiasi kwamba tendo lenyewe linauma.

Hapo pa mwisho turudie, maana ndipo siri ilipolala. Linauma. Mwanamke aliyetoa mkono wa mumewe begani si lazima awe amemchoka. Huenda mara ya mwisho aliumia, akanyamaza ili asimvunje moyo, na sasa anaogopa kila mguso usije ukafika huko. Mume anauona mkono ukitolewa, anahesabu dharau. Mmoja anaogopa maumivu, mwingine anaogopa kukataliwa, na katikati yao kuna ukimya.

Je, yanachukua muda gani? Utafiti mkubwa uliofuatilia wanawake wa Marekani kwa miaka mingi, na kutoa matokeo yake mwaka 2015, ulionyesha kwamba kwa waliopata joto hili mara kwa mara, muda wa kati ulikuwa miaka 7.4. Kwa Wamarekani weusi ulikuwa mrefu kuliko makundi mengine, zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo ushauri wa "vumilia tu, litapita" unamwambia mtu avumilie muda ambao mtoto wa darasa la kwanza anamaliza shule ya msingi. Na ukavu wa uke wenyewe mara nyingi haupiti bila tiba.

Usijitibu kwa kubahatisha

Jasho la usiku lina sababu nyingi, na hapa Bongo tuna kawaida ya kukimbilia ya kwanza tunayoijua. Mama anatoka jasho, ananunua dawa ya malaria. Wiki mbili baadaye jasho tena, ananunua nyingine. Tatu, anaambiwa ni presha. Nne, jirani anamnong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu.

Ukweli ni kwamba malaria inapimwa kwa tone la damu kidoleni na majibu yanatoka muda si mrefu. Pima, ndipo umeze dawa. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na kupungua uzito linaweza kuwa kifua kikuu, usilipe jina la homoni. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo inaleta joto, jasho na moyo kwenda mbio. Ndiyo maana tunasema nenda kwa daktari, ueleze yote, pamoja na habari za siku zako.

Kwa mwenye zaidi ya miaka 45 mwenye dalili hizi na siku zake zimeanza kuyumba, mara nyingi daktari anatambua kwa maelezo tu, bila msururu wa vipimo vya homoni. Kwa aliye chini ya miaka 40 ni tofauti. Huyo anahitaji kupimwa, na kwa kawaida anashauriwa kutumia homoni mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, ili kulinda mifupa na moyo wake.

Mambo mengine matatu ya kushika:

Moja, siku zikiruka ukiwa na miaka 46, pima mimba kwanza. Mayai bado yapo. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka upite mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho kama una zaidi ya miaka 50, na miaka miwili kama uko chini ya hapo. Watoto wa "tulidhani tumemaliza" ni wengi mjini!

Mbili, kama unatumia sindano ya uzazi wa mpango au njia nyingine inayozuia hedhi, huwezi kujipima kwa kuhesabu siku. Mwambie daktari.

Tatu, na hii usiifanyie mzaha: ukishapita miezi 12 bila hedhi, halafu ukaona damu, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi si jambo baya, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba, na ikigunduliwa mapema inatibika vizuri.

Dawa ipo, na hofu ilitoka wapi

Tiba inayozima joto hili kuliko nyingine zote ni tiba ya homoni, yaani kurudishiwa estrojeni kwa vidonge, plasta ya kubandika kwenye ngozi au jeli ya kupaka. Mwanamke mwenye mji wa mimba anapewa pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake inanenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba na inaweza kuleta saratani. Aliyeondolewa mji wa mimba anaweza kutumia estrojeni peke yake.

"Lakini si hizo zinaleta saratani ya matiti?" Swali zuri, na historia yake inajulikana. Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani wa wanawake 16,608 waliokuwa wakipewa homoni mbili au vidonge visivyo na dawa ulisimamishwa kabla ya muda wake. Magazeti duniani kote yakapiga kelele, na wanawake wengi wakatupa vidonge vyao usiku ule ule. Walichoona watafiti ni hiki: katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliopata saratani ya matiti walikuwa 38 kwa wenye homoni na 30 kwa wasio nazo. Yaani wanane zaidi. Viharusi navyo viliongezeka kwa wanane. Hatari ipo kweli, lakini si kama ilivyosikika mitaani.

Halafu kuna ambalo halikusikika sana. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi walishakoma hedhi zamani. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa anayeanza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome, na ambaye hana kizuizi, faida kwa kawaida inazidi hatari. Novemba 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuondoa kwenye dawa hizi yale maonyo makubwa kuhusu moyo, saratani ya matiti na kupoteza kumbukumbu, huku ikiliacha lile la saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni inayotumika peke yake.

Hiyo haimaanishi kila mtu akimbilie duka la dawa. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kuganda kwa damu kwenye mishipa, kiharusi au ugonjwa wa moyo, mwenye ugonjwa wa ini, au anayetoka damu bila sababu kujulikana, kwa kawaida hapewi. Ni mazungumzo ya wewe na daktari, si ya wewe na shoga yako.

Kwa asiyeweza au asiyetaka homoni kuna njia nyingine. Baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo zinapunguza joto. Mei 2023 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo fezolinetant, inayokwenda moja kwa moja kutuliza zile seli za ubongo zinazohamaki. Si homoni, ila mtumiaji lazima apimwe ini, maana inaweza kulidhuru. Mwaka 2025 ikafuata nyingine, elinzanetant, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu wa saikolojia nayo imethibitika kusaidia mtu asisumbuliwe sana na joto na apate usingizi.

Kwa ukavu wa uke, vilainishi vya maji vinasaidia wakati wa tendo, na estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni inatibu chanzo chenyewe. Mafuta ya mgando na losheni yenye manukato viacheni mezani. Vinaweza kuwasha, na yanayotokana na mafuta yanaharibu kondomu.

Na zile chupa zisizo na lebo, "dawa ya kinamama, inatibu magonjwa 40"? Usichojua kilichomo, usikinywe.

Ya kufanya nyumbani, bila daktari

Jua vichochezi vyako. Kwa wengi ni pombe, pilipili, chai na kahawa ya moto, sigara na nguo za nailoni. Andika kwa wiki mbili: nilikula nini, nilivaa nini, joto lilikuja saa ngapi. Kila mmoja ana chake.

Lala na shuka la pamba na nguo nyepesi, tandika taulo juu ya godoro, weka maji ya baridi pembeni. Ofisini vaa nguo za tabaka, blauzi nyepesi ndani na koti unaloweza kulivua bila kuaibika. Feni ndogo ya mkononi si ushamba.

Tembea, fanya mazoezi. Kupunguza uzito kunawasaidia wengi wenye kilo za ziada. Mazoezi pia yanalinda mifupa, ambayo inapoteza nguvu haraka estrojeni ikipungua. Kwa hiyo kula dagaa na miiba yake, maziwa, mtindi, mboga za majani, na usilikimbie jua la asubuhi.

Wewe mume, zamu yako

Usiseme "umezeeka". Usiseme "mama yangu alipitia, mbona hakulalamika". Mama yako alikuwa analia jikoni, wewe ulikuwa unacheza mpira.

Usianzishe mazungumzo haya kitandani baada ya kukataliwa, wala mbele ya watoto. Tafuteni muda, labda kwenye gari au mkitembea jioni. Anza hivi: "Mke wangu, naona hulali. Sijakasirika. Nataka kujua mwili wako unapitia nini." Halafu nyamaza. Kazi kubwa ni hiyo ya kunyamaza.

Mpeleke kliniki, uingie naye kama anataka. Na kuhusu unyumba, kubalianeni kwamba kwa sasa kukumbatiana ni kukumbatiana tu, hakuna deni linalofuata. Mwanamke akijua kwamba mguso haumpeleki kwenye maumivu, anaacha kukimbia. Mengine yatarudi, taratibu, pamoja na dawa.

Nawe dada, mumeo si mganga wa kusoma mawazo. Mwambie "inauma". Ni neno moja.

Na wewe wa miaka 28, inakuhusu nini?

Sana tu. Bosi wako anayefungua madirisha wakati wote mnaganda na kiyoyozi, ana 49. Mama mkwe aliyekujibu kwa mkato Jumapili, ana 52. Mama yako mzazi anayekwambia kwenye simu kwamba "siku hizi silali mwanangu", huenda anasubiri mtu mmoja tu amuulize. Umri huu ndio wanawake wengi wanafika juu kazini. Mtumishi wa umma nchini anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wapo wanaoondoka wakidhani akili zimechoka, kumbe ni usingizi.

Basi turudi Jumamosi, kwenye kile kikao.

Wazee wameketi. Baba kasoma mashtaka yote: kuhama kitanda, ukali, kukataa unyumba. Mama kainamisha kichwa, kanga yake imeshaanza kulowa mgongoni. Wazee wanaguna. Ndipo dada mkubwa wa baba, nesi mstaafu, anauliza kwa sauti ya chini: "Wifi, hivi siku zako unaziona vizuri?"

Kimya. "Tangu Februari hazieleweki, wifi."

"Na hilo joto linaanzia kifuani, linapanda usoni?"

Mama anainua kichwa kwa mara ya kwanza. "Umejuaje?"

"Mimi nililala kwenye vigae vya bafuni karibu mwaka mzima. Kaka yako, Mungu amrehemu, alidhani nimeingia mapepo." Anamgeukia mdogo wake. "Wewe kikao chako kimekwisha. Jumatatu mpeleke mkeo hospitali. Na leo ukifika nyumbani, ile feni ya sebuleni irudishe chumbani, uiweke upande wake."

Si kila nyumba ina wifi kama huyu. Ndiyo maana tumeandika. Kama unaye mtu aliyehama kitanda, usiwapigie washikaji. Muulize yeye, leo.